Tairi la moto lisipunguzwe upepo

Mhariri,

Kaskazi ikishika Mombasa, hewa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na sakafu ya maegesho ya ndege huzidi hapo kwa mbali. Mafundi wanafanyia kazi hapo hapo.

Tairi ndilo la kuhofia zaidi. Presha hupanda takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto. Ndege ikitua, breki hulipasha gurudumu, geji inasoma juu, na fundi mwenye haraka hufungua vali kupunguza. Asithubutu! Likipoa litakuwa na upungufu. Ndege ikikimbia kuruka, kuta za tairi zitajikunja kupita kiasi, joto litazaliwa ndani kwa ndani na mpira kuanza kubanduka. Lipimwe likiwa baridi, saa 2 hadi 3 baada ya kutua, na liongezwe naitrojeni. Gurudumu lenye breki za moto lisogelewe kwa mbele au nyuma, kamwe si ubavuni.

Gundi ya kuziba matangi ya mafuta nayo huganda mapema, kwani muda ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida umepimwa kwa nyuzi 25. Ichanganywe kidogo kidogo.

Ukaguzi wa ndani ya matangi upangwe usiku au alfajiri. Mchana, waajiri watoe turubai, maji na zamu fupi: fundi aliyelemewa na joto huruka hatua bila kujua, hata awe hodari vipi. Kazi yake ikaguliwe na mwenzake kabla ya kutiwa sahihi.

Mafundi wa ndege,
Changamwe, Mombasa