Makala yenu ya vifaa vya picha za chini ya maji imewapotosha wasafiri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya namna ya kufungasha vifaa vya kupigia picha chini ya maji kwa safari ya ndege imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amewashauri wasomaji mambo mawili. Kwanza, walikaze kasha la kamera, lile lisilopitisha maji ambamo kamera huzamishwa, kabla ya safari ili vumbi lisiingie. Pili, betri zote wazitie pamoja na kasha hilo kwenye sanduku kubwa ili begi la mkononi libaki jepesi. Ushauri wa kwanza huharibu vifaa. Wa pili unaweza kuua watu.

Kasha la kamera ya majini limeundwa kubanwa kutoka nje. Ukizama mita 30, maji peke yake hulibana kwa kanieneo mara tatu ya ile ya hewa ya pwani, na kadiri yanavyolibana ndivyo pete ya mpira, ile ambayo mafundi huiita oringi, inavyozidi kujikaza mahali pake. Angani mambo hugeuka. Hewa ndani ya ndege, hata kule chini kwenye mizigo, hupungua hadi kufanana na ya mlimani, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, yaani karibu robo tatu ya ile ya usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani ya kasha inabaki na nguvu ile ile ya ardhini, nayo inasukuma kutoka ndani. Kioo cha kuba kinachokaa mbele ya lenzi, chenye kipenyo cha sentimita 20, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, tena kwa upande ambao hakikuundwa kuhimili. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huitoa pete kabla ya kupanda ndege au huacha vali, yaani kitundu cha kupitishia hewa, wazi, na sehemu ya betri ya flashi nayo huiacha bila kukazwa. Vumbi huzuiwa na mfuko safi wa nailoni.

Sasa betri. Kanuni hii si siri na mwandishi angeipata kwa kuuliza shirika lolote la ndege. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege. Abiria anakaa nazo juu, kila moja ikiwa ndani ya mfuko wake au ncha zake zikiwa zimezibwa kwa selotepu. Isiyozidi wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati iliyomo, haihitaji ruhusa. Kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kusafiri nayo. Hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya taa yenye volti 14.4 na ampea-saa 6.8 ni karibu wati-saa 98, hiyo inapita. Taa zenyewe za kuzamia hutenganishwa na betri zake, kwa sababu taa kali ya namna hiyo ikijiwasha nje ya maji, ndani ya begi lililojaa nguo na sponji, inaweza kuwasha moto.

Juu, betri ikianza kufuka, kuna macho ya kuiona na wahudumu wa kuimwagia maji hadi ipoe. Chini hakuna mtu. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kule hupunguza miali, lakini haiipozi betri, na seli moja iliyochemka huichemsha ya jirani. Septemba 2010 ndege ya mizigo iliyokuwa imebeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai, na marubani wake wawili wakafa. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi hata kama shehena katika ndege za abiria. Halafu gazeti linamwambia msomaji azifungashe chini ili begi liwe jepesi!

Hasira yangu ina historia. Nilikuwa nasafiri kwenda kupiga picha matumbawe yakitoa mayai, jambo linalotokea usiku michache tu kwa mwaka, baada ya mwezi mpevu. Begi langu lilikuwa na vipimo vinavyotakiwa, na kaunta walilipima na kulipitisha. Mlangoni mwa ndege mfanyakazi mmoja akalishika, akasema nafasi za juu zimejaa, linakwenda chini. Nikamwambia lina betri za akiba, naomba dakika mbili nizitoe. Akanijibu kwamba watu wote wana betri, nisicheleweshe ndege, na begi likaondoka mbele ya macho yangu likiwa na betri ndani. Yaani mtu aliyewekwa pale kulinda usalama ndiye aliyeivunja kanuni ya usalama, na mimi niliyeikumbusha nikaonekana mkorofi! Nilikaa safari nzima nikiwaza mzigo ulio chini ya miguu yetu sote, na kila harufu ya chakula kilichopashwa moto ilinishtua. Tulipofika, begi lilikuwa limefunguliwa na wakaguzi. Kasha nililoliacha wazi makusudi walikuwa wamelifunga kwa nguvu, klempu ya flashi ikiwa imebanwa kati ya mfuniko na mwili wake. Kingo zilikuwa na mkwaruzo mrefu pale pale pete inapokaa. Pete za akiba nilikuwa nazo, lakini pete mpya haizibi mkwaruzo wa chuma, na unywele mmoja tu unatosha kuingiza maji. Matumbawe yalitoa mayai yao, na kamera yangu ilibaki nchi kavu.

Na hapo ndipo linapokuja la fidia, ambalo hamjawahi kuliandika ipasavyo. Mkataba wa Montreal wa 1999 unampa abiria siku 7 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika. Fidia ina kikomo, ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni uniti 1,519 za kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, na haikaribii thamani ya kasha, kamera na lenzi kwa pamoja. Mkataba unaruhusu abiria kutoa tamko maalumu la thamani anapokabidhi mzigo, akilipa ziada ikihitajika. Lakini tamko hilo utalitoa wapi, na kwa nani, begi linaponyang'anywa mlangoni foleni ikiwa nyuma yako? Kaunta niliyopelekwa kuwasilisha malalamiko hawakuwa wamelisikia tamko hilo kabisa. Walinipa fomu yenye nafasi ya maneno kumi.

Nina mapendekezo. Kwa mashirika ya ndege: kila mlango wa kupandia uwe na meza, roli la selotepu na mifuko ya plastiki inayoonyesha kilichomo, na begi lolote la mkononi lisipelekwe chini kabla mwenyewe hajaulizwa kuhusu betri na kupewa dakika mbili za kuzitoa. Mizani iwe kaunta tu, mahali ambapo abiria bado anaweza kupanga upya mzigo wake.

Kwenu, Mhariri: chapisheni sahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, ndani ya kisanduku ambacho msomaji anaweza kukikata na kukibandika upande wa ndani wa mfuniko wa sanduku lake. Mistari minne inatosha: pete imetolewa au vali iko wazi, betri za akiba ziko juu na ncha zimezibwa, taa imetenganishwa na betri, wati-saa zimeandikwa juu ya kila betri. Na lichapwe katika toleo lijalo, kwa sababu waliosoma makala ile huenda sasa hivi wanafungasha.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpiga picha wa chini ya maji