Kuna bure ya kuiba na bure ya kupewa

Mhariri,

Nina kibanda cha ufundi wa kompyuta hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Napiga Windows, nabadilisha vioo na kibodi, nasafisha virusi. Na virusi vingi ninavyosafisha vimepita mlango mmoja: gemu lililokrakiwa, yaani la kulipia lililovunjwa kufuli lichezwe bila kulipa, lililotembea kwenye flashi kutoka mtaa hadi mtaa.

Majuzi mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake. Mwanawe alikuwa amenakili gemu la magari kwa rafiki, na mzigo ukaja na mgeni wake. Alama za mitihani za madarasa mawili, ambazo mwalimu hakuwa amezitunza mahali pengine, zote zikafungwa. Sikuweza kuziokoa hata moja. Akaniambia kwa uchovu, "Basi fundi, mwekee mtoto gemu la bure, lakini lisiwe la wizi." Nikamwekea Battle for Wesnoth, gemu la kupanga vita. Kesho yake akarudi na wasiwasi. Kama hakuna aliyelipwa, kuna nini ndani?

Mhariri, swali hilo naulizwa kila wiki, ndiyo maana nakuandikia. Wateja wangu wanajua programu za aina mbili tu, ya kununua na ya kuiba. Gemu hili halimo katika hizo mbili. Lilianzishwa mwaka 2003 na mtaalamu wa programu aitwaye David White, akalitoa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kulitumia, kulinakili, kulifungua ujue limeundwaje, kulibadilisha na kuligawa, mradi unayempa naye abaki na haki hizohizo. Hata mimi kutoza shilingi 2,000 za kazi ya kuliweka, leseni hainikatazi. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiliongezea ramani, picha, muziki na hadithi tangu wakati huo.

Uchezaji wenyewe ni wa zamu. Unasogeza askari wako wote, kisha adui naye anasogeza wake. Hakuna kukimbizana na vidole. Ramani imegawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na kila chumba kina ardhi yake: msitu, mlima, mto, kijiji. Kijiji ulichokikamata kinakuletea dhahabu, na majeruhi akilala humo anapona kidogo kidogo.

Ninachokipenda mimi ni saa. Zamu sita ni siku nzima: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, halafu makesha mawili ya usiku. Askari wa mfalme mchana huongezewa robo ya nguvu na usiku hupungukiwa robo. Maorki, yale majitu ya hadithini, na wafu wanaotembea ni kinyume chake. Kwa hiyo huangalii adui tu, unaangalia na jua. Nimeshapoteza kikosi kizima kwa tamaa ya kijiji kimoja wakati magharibi imeshaingia. Ningerudi nyuma nikangoja kuche, ningeshinda.

Kibandani nina dogo ninayemfundisha kazi. Hisabati ya kidato cha nne ilimpa F. Siku moja akilicheza, mganga wake, mmoja wa Waelfi, watu wa msituni wa hadithini, alikuwa amesimama mlimani, ambako adui ana asilimia 40 tu ya kumpata. Goblini, kijitu cha upande wa maorki, mwenye mkuki akachoma mara tatu, zote zikaingia. Mganga akafa, na humo aliyekufa amekufa, hutamwona tena katika vita vinavyofuata. Dogo akapiga meza: "Kompyuta inaiba!" Nikampa karatasi na kalamu. 0.4 mara 0.4 mara 0.4 ni 0.064, yaani karibu mara sita katika mia. Nikamuuliza, tangu asubuhi umechomwa mlimani mara ngapi? Akahesabu, akanyamaza. Siku hizi kabla ya kushambulia anasoma kwanza asilimia, maana gemu linamwonyesha kabla hajaamua.

Pale pembeni kuna mashine ya kamari, bonanza, na dogo huyuhuyu alikuwa akiilisha sarafu za mia mbili. Ile haimwonyeshi mtu asilimia yoyote.

Kisha akagundua jambo ambalo sikumfundisha. Askari mwenye mkuki huajiriwa kwa dhahabu 14. Dogo akapekua mafaili ya gemu, akakuta yameandikwa kwa maandishi ya kawaida tu, akaona pale penye bei, akafuta 14 akaweka 1. Akajaza ramani mikuki! Alishinda vita vitatu, cha nne akakiacha katikati akisema hakina ladha, akairudisha 14 mwenyewe. Lakini tangu hapo anafungua mafaili ya kila kitu, hata ya programu yangu ya stoo, mpaka nimemwekea nywila.

Sisemi ni gemu la kila mtu. Sura yake ni ya zamani, maneno ni mengi, na ramani moja inaweza kumaliza jioni. Mpenzi wa mpira ataliacha dakika ya kumi. Ila linakubali mashine kuukuu za RAM kidogo ambazo ndizo tulizonazo huku, na ukishalipakua unacheza hadithi zake bila bando. Hakuna tangazo linalokurukia usoni wala sanduku la bahati la kununua.

Ombi langu ni kwa ukurasa wenu wa teknolojia. Kila ninapoufungua nakuta bei za simu mpya, na upande wa pili odi za mikeka ya kubeti ya Jumamosi. Tengeni nusu ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, mwaeleze wasomaji programu za namna hii: zinapatikana wapi, leseni inaruhusu nini, mtu azipakue kwa wenyewe na si kwenye flashi ya jirani. Mimi nikieleza naonekana natafuta wateja.

Mwalimu bado ana mashaka. Jana amepita kibandani kuniuliza kwa sauti ya chini kama siku wakaguzi wakija shuleni afiche ile laptopu.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro