Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa mapafu akishatoka getini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Pokea salamu na heshima zangu. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la familia yangu peke yake. Wengi wanaouguza watu wenye ugonjwa wa kifua watayaona maisha yao humu.

Baba yangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao hospitalini huuita COPD. Njia zake za hewa zimebana, na sehemu ya mapafu imeharibika kiasi kwamba haitarudi kama ilivyokuwa. Katika mwaka mmoja alilazwa mara tatu. Mara ya kwanza alikaa wodini siku sita. Aliwekewa oksijeni, akapewa vidonge vya steroidi na dawa ya kuua bakteria, akapata nafuu, na siku ya saba tukaambiwa ameruhusiwa. Tulikabidhiwa mfuko wa dawa na karatasi yenye mstari mmoja tulioweza kuusoma: arudi kliniki baada ya mwezi. Tulishukuru, tukaondoka.

Mwezi haukufika. Siku ya kumi na moja tulimrudisha usiku, ameketi ameinama mbele, mikono imeng'ang'ania magoti, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Akatibiwa tena vizuri, akaruhusiwa tena, na karatasi ikaandikwa vilevile.

Sina lawama kwa matibabu ya wodini. Baba yu hai kwa sababu yake. Ninachokuletea ni kile kipindi kinachoanza mgonjwa akishavuka geti, wakati hospitali inadhani yuko mikononi mwa familia, na familia inadhani hospitali imemaliza kazi.

Safari ya tatu alipolazwa, alikuwapo muuguzi mmoja zamu ya asubuhi. Siku ya kuruhusiwa alivuta kiti akakaa mbele ya baba, akamwambia, "Baba, hebu nioneshe unavyotumia inhela yako." Baba akaichukua kwa kujiamini, akafungua mdomo, akabonyeza. Dawa ikatoka midomoni kama ukungu mweupe, ikapotea hewani kabla hajaanza kuvuta. Alikuwa anafanya hivyo kila siku kwa miezi minane. Mimi nilikuwa nasimama karibu yake kila asubuhi, nikahesabu dozi, nikaandika kwenye daftari kwamba dawa ametumia.

Yule muuguzi hakucheka wala hakumkaripia. Akamwelekeza: itikise kwanza, toa pumzi yote polepole, ibane kwa midomo, bonyeza pale unapoanza kuvuta, vuta taratibu, kisha shikilia pumzi uhesabu hadi kumi. Baba akajaribu mara mbili, vidole vikachelewa. Akaletewa chemba ya plastiki inayowekwa kati ya inhela na mdomo, ambayo huishikilia dawa ili mgonjwa aivute kwa wakati wake. Hapo akaweza. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi, Mheshimiwa. Kwa miezi minane hakuna aliyewahi kuwa na dakika kumi hizo.

Nilidhani ni sisi tu tuliokuwa wajinga wa kifaa kile. Baadaye nikasoma uchambuzi uliotolewa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Chest, uliokusanya tafiti za takriban miaka 40. Waliokuwa wakitumia inhela kwa usahihi walikuwa asilimia 31 tu, na hali haikuwa imeboreka katika miaka yote hiyo. Dawa hununuliwa, husafirishwa, huhifadhiwa, hugawiwa, kisha hupotelea hewani katika hatua ya mwisho kabisa. Na kama shida ni kukosa chemba, mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Heather Zar na wenzake, walichapisha katika The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 ikitobolewa na kutengenezwa ipasavyo ilifanya kazi sawa na chemba za kiwandani kwa watoto waliobanwa na pumu. Wao walipima watoto, na baba ni mzee mwenye ugonjwa mwingine. Lakini ninachokiona hapo ni kwamba kifaa chenyewe si kitu cha kututoa jasho. Kilichokosekana kwetu ni mtu aliyepewa kazi ya kumtazama mgonjwa akivuta dawa.

Muuguzi yule akafanya na jambo la pili. Aligeuza karatasi ya kuruhusiwa, akaandika nyuma yake namba ya simu kwa wino wa bluu. Siku ya nne akapiga yeye mwenyewe, kwa salio lake. Aliuliza maswali ambayo sikuwahi kufikiri kuwa yana maana: Makohozi yamebadilika rangi? Yameongezeka? Analala kwa mito mingapi? Jana alitembea hadi wapi? Katika maongezi hayo ikabainika kwamba baba ameacha inhela ya kila siku kwa kuwa alijisikia vizuri, amebaki na ile ya kutuliza anapobanwa. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba moja ni ya kuzuia na nyingine ni ya kuokoa. Akaelezwa kwa simu, akaelewa, akarudia. Baada ya hapo hajalazwa tena.

Siwezi kuapa kwamba ni simu ile iliyomwokoa. Ninachojua ni kwamba nilipomtafuta muuguzi huyo kumshukuru, niliambiwa amehamishiwa kituo kingine. Nikauliza nani amechukua kazi yake ya kuwapigia wagonjwa. Hakuna, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu yeyote. Ulikuwa wema wake tu, na alipohama ukahama naye.

Ombi langu kwako ni hilo moja: wema ule ufanywe wajibu. Kila hospitali inayolaza wagonjwa wa mapafu iwe na mtu ambaye kazi yake, kwa maandishi, ni mgonjwa aliyeruhusiwa. Asimwachie aondoke kabla hajamwona kwa macho yake akitumia inhela. Ampigie simu ndani ya siku chache za mwanzo, na asiye na simu afikiwe na mhudumu wa afya wa eneo lake. Miadi iandikwe tarehe. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD, ambao madaktari wa mapafu wanaufahamu, unataka mgonjwa aonwe ndani ya wiki 1 hadi 4 baada ya kuruhusiwa, kisha tena kati ya wiki 12 na 16. Kwetu sisi "baada ya mwezi" ilikuwa mbali sana.

Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba miongoni mwa wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa katika kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Marekani, yenye hospitali za kila namna, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudishwa wodini ndani ya siku 30. Kuanzia Oktoba 2014 serikali ya huko iliingiza ugonjwa huu katika mpango wa kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi. Sikuombi uige hilo. Naogopa hospitali inayoadhibiwa kwa mgonjwa kurudi inaweza kusita kumpokea anayestahili kulazwa.

Lazima pia nikueleze jambo lisilonipendeza. Si kila mpango unaoitwa wa kuwasaidia wagonjwa huwasaidia. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za maveterani, yaani askari wastaafu, wa Marekani: wagonjwa wa COPD walifundishwa, wakapewa mpango wa nini cha kufanya hali ikibadilika, wakafuatiliwa kwa simu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokufa walikuwa wengi zaidi katika kundi lililosaidiwa, 28 dhidi ya 10, na sababu haikubainika wazi. Nililisoma nikakosa usingizi, maana ni karibu kabisa na ninachokuomba. Sikuona haki kulificha. Linanifanya niombe kitu cha ziada: tangu siku ya kwanza ya mpango wowote, wahesabiwe waliorudi wodini na waliofariki, na hesabu hiyo ikufikie wewe. Na mtu akikuletea vijitabu vya rangi akasema ndiyo huduma ya nyumbani, tafadhali muulize nani atamwona mgonjwa ana kwa ana.

Kuna mazoezi. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndilo eneo ambalo tulimkosea baba kwa mapenzi. Tulimzuia kutembea. Kila alipoinuka tulimwambia pumzika, tukamletea kila kitu alipoketi. Hatukujua kwamba anayeogopa kubanwa huacha kutembea, asipotembea misuli ya mapaja hunywea, na misuli iliyonywea huchoka upesi, kwa hiyo hata hatua chache za kwenda msalani zinakuwa mlima. Siku hizi tumeweka kiti katikati ya ukumbi. Baba anatembea hadi pale, anaketi, anatoa pumzi kupitia midomo iliyobanwa kama anayepuliza mshumaa taratibu, kisha anaendelea. Mwezi uliopita alikipita kile kiti bila kuketi, akageuka kunitazama.

Haya tumejifunza kwa kubahatisha, wakati yapo kama tiba kamili: wiki kadhaa za mazoezi yanayosimamiwa, pamoja na mafunzo kuhusu ugonjwa. Utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2020 uliwaangalia wagonjwa zaidi ya 197,000 wa Marekani waliotoka hospitali. Walioanza mazoezi tiba ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 1.5 tu. Kati yao, asilimia 7.3 walifariki ndani ya mwaka. Kati ya wengine, asilimia 19.6. Huenda walioanza mapema walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa ni ya mazoezi. Hata hivyo ukumbi mtupu, viti, saa ya ukutani, kipima oksijeni cha kidoleni na mtaalamu wa viungo vinatosha kuanzia.

Kuhusu oksijeni ya nyumbani nitasema machache. Tafiti za mwaka 1980 na 1981 zilionesha kwamba mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka sana hata akiwa ametulia huishi muda mrefu zaidi akiitumia kwa saa 15 au zaidi kwa siku. Utafiti wa mwaka 2016 ulionesha kwamba ambaye imeshuka kidogo tu hapati faida hiyo. Kwa hiyo anayeruhusiwa na mashine apimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu. Wengine watakuwa hawaihitaji, na mashine ikamfae mwingine. Anayebaki nayo apangiwe umeme ukikatika, na aelezwe yeye na wote wa nyumbani kwamba oksijeni na moto havikai chumba kimoja.

Nisiwasahau waliopona kifua kikuu. Wanamaliza dozi, wanaandikiwa kwamba wamepona, na vijidudu kweli vimekwisha, ila mapafu yamebaki na makovu na pumzi haitoshi kupanda ngazi. Jalada lao limefungwa. Huyo mtu ninayemwomba awahudumie na wao pia.

Mheshimiwa, ile karatasi ya baba ya safari ya tatu ninayo bado, na wino wa bluu nyuma yake haujafifia. Namba ile ni ya mtu binafsi ambaye sasa ana wagonjwa wengine, na nimeona aibu kuendelea kuipiga. Nakuomba mgonjwa atakayeruhusiwa kesho aandikiwe namba ya ofisi, itakayopokelewa hata muuguzi akihamishwa.

Kwa heshima,
Anayemuuguza baba yake