Koreshi hakufuta utumwa, na posho ya Persepolis haikupimwa kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Uajemi ya kale imerudia mambo mawili yanayozunguka sana mitandaoni: kwamba Silinda ya Koreshi, maandishi ya mfalme wa Uajemi aliyeteka Babeli, ilipiga marufuku utumwa, na kwamba Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, ilijengwa na vibarua huru waliolipwa mshahara mnono. La kwanza si kweli. La pili lina ukweli ndani yake, ila limevutwa mno.

Silinda ilichimbuliwa Babeli mwaka 1879 na sasa iko British Museum, London. Ni kipipa cha udongo chenye urefu wa sentimita 22 hivi na mistari 45 ya mwandiko wa kikabari, kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli. Inaeleza jinsi Marduk, mungu mkuu wa Babeli, alivyomchagua Koreshi, jinsi alivyoingia Babeli bila vita mwaka 539 KK, na jinsi alivyorudisha sanamu za miungu pamoja na watu wao kwenye miji ya ng'ambo ya mto Tigris. Hakuna mstari unaofuta utumwa. Tamko hilo limo katika tafsiri ya kubuni iliyosambazwa karne ya 20, nanyi mmeinukuu kana kwamba ndiyo maandishi yenyewe.

Anayetaka kujua watu wa kawaida waliishije enzi za mfalme Dario asome vibao vya posho. Mwaka 1933 wachimbaji wa Oriental Institute ya Chicago, chini ya Ernst Herzfeld, walikuta maelfu ya vibao vya udongo na vipande vyake ndani ya ukuta wa ngome, pembe ya kaskazini-mashariki ya jukwaa la Persepolis. Ni vya miaka 509 hadi 493 KK. Vingi vimeandikwa kwa Kielam, lugha ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran, baadhi kwa Kiaramu, na kimoja kwa Kigiriki, ambacho kinataja divai, kipimo cha marish mbili na mwezi wa Tebeti, basi.

Kibao cha kawaida kinaenea kiganjani. Kilifinyangwa kuzunguka uzi wenye fundo, kwa hiyo ukikitazama ubavuni kushoto unaona vitundu viwili, kimoja kila pembe, pale uzi ulipotokea. Muhuri ulibingirishwa juu ya udongo ungali mbichi. Maandishi yana mpangilio wake: kiasi gani, cha kitu gani, kimetoka kwa mtunza ghala yupi, amepokea nani, kwa kazi ipi, mwezi gani na mwaka wa ngapi wa mfalme. Muhuri ndio uliokuwa sahihi. Parnaka, msimamizi mkuu wa ugawaji wa posho, alipopata muhuri mpya mwaka 500 KK aliandika kwenye barua zake kwamba ule wa zamani umebadilishwa, na kwamba huu ulio kwenye kibao hiki ndio wake sasa.

Hapa ndipo makala yenu ilipokosea hesabu. Mmeandika kwamba mwanamume alipewa kilo 30 za shayiri kwa mwezi. Vibao vinasema qa 30, na qa ni kipimo cha ujazo kinachokaribia lita moja, kama sisi tulivyozoea kibaba na pishi. Lita moja ya shayiri ina uzito wa gramu 600 hivi. Kwa hiyo posho ile ilikuwa kama kilo 18 kwa mwezi, gramu 600 kwa siku kabla ya kusaga na kupepeta. Kwa mtu anayechonga mawe kutwa, hicho ni chakula kidogo. Wanawake wengi walipata qa 20, watoto kati ya 5 na 20 kulingana na umri. Lakini wanawake waliosimamia vikundi vya kazi walipata qa 50 za nafaka na 30 za divai, kuliko wanaume wengi. Aliyejifungua aliongezewa divai au bia: qa 20 akizaa mvulana, 10 akizaa msichana.

Wafanyakazi hao wanaitwa kurtash. Waliletwa kwa makundi kutoka Misri, Babeli, Likia, Thrakia na kwingineko, na wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu hali yao kisheria. Kuwaita wote watumwa ni kuruka ushahidi, na kuwaita vibarua huru vilevile. Habari ya mshahara inatokana na vibao vingine, vya hazina, vinavyoanza mwaka 492 KK: humo sehemu ya posho inalipwa kwa madini ya fedha yaliyopimwa kwa shekeli, kipimo cha uzito, kondoo mmoja akihesabiwa shekeli 3 na mtungi wa divai shekeli 1.

Mwanamke tajiri aitwaye Irdabama alikuwa na kurtash 490 mahali panapoitwa Tirazish, na wataalamu wengi wanaona hapo ndipo Shiraz ya leo. Msomaji wa pwani yetu atalitambua jina mara moja. Asilitumie kuthibitisha asili ya Washirazi wa Kilwa. Kati ya vibao vinavyomtaja Irdabama na Kilwa ipo miaka zaidi ya elfu moja.

Mwisho, picha ya ngazi za Apadana, ukumbi wa mapokezi wa Persepolis, mliyoiandikia "watumwa wakileta kodi" irekebishwe. Hao ni wajumbe wa mataifa 23, kila kundi katika mavazi ya kwao, na baadhi wamebeba silaha. Tazameni mikono: kiongozi wa kila kundi ameshikwa mkono na Mwajemi au Mmedi (taifa ndugu la Waajemi) anayemwongoza. Kundi la Kushi, majirani wa kusini mwa Misri, lina pembe ya ndovu na mnyama ambaye wengine humwita twiga na wengine okapi. Naomba maelezo mapya yaseme "wajumbe wakileta zawadi", na kundi hilo la Kushi litajwe kwa jina.

Msomaji wenu,
Mombasa