Mwanangu, mwambie aende Katuba

Mwanangu,

Mesaji yako ya jana nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nilikuwa nageuza samaki kwenye jua nyuma ya nyumba, mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba.

Yule kijana wa kalasi yenu. Baba yake kasikia watu wanasema kwamba anapenda wanaume wenzake, akamkatia feza ya minervali, ile karo ya chuo, na kumfukuza nyumbani, na wewe unauliza kama anaweza kula kwenye chakula ninachokutumia. Mwanangu, miye ni mama wa kanisa, mambo hayo mengine sijayaelewa bado, siwezi kukudanganya. Lakini mutoto wa mutu aache masomo sababu ya hiyo? Hapana, hapana kabisa.

Minervali naijua inavyouma. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 ilisema shule ya primeri ni bure, serikali ikaja kuanza Septemba 2019, wewe ulishamaliza primeri zamani, nimelipa kila mwaka kwa samaki hawa hawa. Toka hapa Kasenga mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 200, mvua ikinyesha lori linalala njiani, gunia linaanza kunuka, bei inaanguka, na kule wamekwisha kubandika orodha ya wasiolipa. Halafu juu ya minervali kuna silabi, yale maandishi ya masomo, kuna enrolema, feza ya kujiandikisha kwa mitihani, kuna bisi ya kwenda chuo kule Kasapa kila asubuhi. Watoto wa mji wenye wazazi wa kazi nzuri wanaona ni vitu vidogo, ila ndivyo vinavyorudisha watoto wetu kijijini. Unakumbuka mwaka wa kwanza ulivyokopi silabi nzima kwa mkono, usiku, na taa ya simu? Daftari ile ninayo, nimeifunga mu plastiki ndani ya sanduku la vitenge.

Na ni wewe ulinisomea kwenye simu artikili ya 13 ya Katiba, eti kwenye masomo hakuna Mkongomani wa kubaguliwa sababu ya familia alikotoka, hali yake ya maisha ao mahali anapoishi. Siku ile nilifurahi sana, nikasema kumbe hata sisi wa huku kwenye mto Luapula tumeandikwa. Sasa watu kama rafiki yako hawakutajwa pale kwa jina, hiyo inanisumbua toka jana, nani atamsemea?

Basi lori la ijumaa linakuja na gunia mbili, moja ya samaki, moja ya unga wa bukari, ugali wetu. Nusu ya samaki uza, alipie enrolema yake kwanza maana sesyo ya mitihani iko karibu, minervali tutaangalia kidogo kidogo. Kwa kulala, mama mukubwa wako wa Katuba, hapo hapo Lubumbashi, nimeshamwita kwa simu, kitanda cha kaka yako kipo. Nimemwambia asimuulize maneno, ampe bukari kwanza.

Mama yako