Viatu vya Noeli: salamu kwa mnaorudi nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wanajumuiya, mshumaa wa nne wa Majilio umeshawashwa, na tiketi ya kwenda Rombo sasa inatafutwa kwa tochi. Wenzetu watatutania kama kawaida yao kwamba Wachagga tunakwenda kuhesabiwa. Watutanie tu. Salamu zangu za mwaka huu nazitoa kwenye jozi ya viatu vya mtoto wa kike.

Usiku wa Krismasi ya mwaka 1886, mjini Lisieux, Ufaransa, familia ya Martin ilirudi kutoka Misa ya usiku. Teresa, kitinda mimba, alikuwa amebakiza siku 8 kutimiza miaka 14. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kuweka viatu vya watoto kwenye meko na kuvijaza zawadi, na vya Teresa vilikuwepo bado, mkubwa vile. Mzee Louis, baba yake, mgane, alikuwa hoi kwa uchovu. Alipoviona akasema kwa kukereka kwamba afadhali huu ndio mwaka wa mwisho. Binti yuko kwenye ngazi, anapanda kwenda kuvua kofia. Akasikia kila neno.

Waliomjua wangekwambia hapo sikukuu imekwisha. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 4. Pauline, dada aliyemlea, akaingia utawani Karmeli mwaka 1882, na Marie naye akafuata Oktoba hiyo hiyo ya 1886. Machozi yalikuwa hayamkauki: akilia na kubembelezwa akanyamaza, alianza upya, safari hii akilia kwa sababu alikuwa amelia. (Nina mpwa wa namna hiyo, simtaji.) Dada yake Céline alimwona macho yamejaa, akamsihi asishuke kwanza. Teresa akayameza. Akateremka mbio huku moyo ukimdunda, akavichukua viatu, akaviweka mbele ya baba na kuanza kutoa kimoja kimoja kwa shangwe. Mzee akacheka, uchovu wote ukamtoka. Céline akadhani anaota.

Ni hayo tu. Hapakuwa na malaika wala sauti kutoka mbinguni. Lakini alipokuja kuandika maisha yake mwaka 1895, akiwa mtawa, Teresa aliuhesabu usiku ule kuwa ndio wa kuongoka kwake.

Kanisa lina masista waliomwaga damu. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta wa Kongo, tuliyemkumbuka Desemba mosi, aliuawa Isiro mwaka 1964 kwa kukataa kuvunja nadhiri yake. Namheshimu mno, ila nikiri kwamba nikimtazama naona mlima ambao sitaupanda. Viatu navifikia.

Na hata monasterini, alikoingia Aprili 1888 akiwa na miaka 15, mambo ya Teresa yalibaki ya kimo hicho hicho. Wakati wa kufua, sista aliyekuwa mbele yake alimrushia maji machafu usoni kila alipoinua leso. Alitamani kurudi nyuma na kujifuta, ili mwenzake aone anachofanya. Hakujifuta. Jioni alimsindikiza Sista Saint-Pierre, mzee na mgonjwa, kwenda mezani, akimshikilia mkanda kwa nyuma. Ukienda haraka, lawama. Ukienda polepole, lawama. Akagundua kwamba bibi yule anapata shida kukata mkate, basi akawa haondoki kabla hajamkatia. Kifua kikuu kilimchukua tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu, na mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakutoka nje ya ukuta wa Karmeli kwenda misioni yoyote.

Mimi viatu vyangu nilishindwa kuvishukia. Mwaka juzi nilikuwa nje ya jiko la mama, nimekumbatia kuni, nikasikia ndugu mmoja ndani akisema, "Huyu wa mjini kaja na maneno matupu, hata sukari hakubeba." Sukari nilibeba, kilo 5, ilikuwa bado kwenye begi. Ningeingia nikaitua mezani tukacheka. Badala yake niliziangusha kuni pale pale, nikaenda kukaa kihambani chini ya migomba. Mama alimtuma mtoto mara mbili kuniita, machalari yanapoa. Nikasema tumbo linauma. Tarehe 26 alfajiri nikaondoka, na sukari ikarudi nami Dar.

Basi heri ya Noeli kwenu nyote. Kwa mnaolala zamu wodini na lindoni, Mtoto awakute macho. Kwa mnaokaa Noeli ya kwanza bila mama, msione haya machozi yakija. Teresa alikuwa kwenye Noeli ya kumi alipoweza kuzishuka zile ngazi. Na kwa akina mama watakaolala wa mwisho wakisugua masufuria, naomba mwaka huu mtu mwingine ashike steliwaya.

Mimi napanda basi tarehe 23. Sukari nimeifunga juu kabisa ya begi, na yule ndugu atakuwepo, nimeshauliza.