Barua kwa mwanangu: Usiniambie tu uko sawa

Kilifi, 28 Mei 2020

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu una neno moja tu, "niko sawa mama," kisha unakata. Dereva wa lori la nazi amekubali kukuletea. Mizigo inapita, tuliofungiwa kwa hii korona ni sisi watu, wewe Nairobi, mimi huku.

Binamu yako ameniambia huingii tena darasani kwa simu, na ukiingia unazima kamera, ukiitwa jina huitiki. Usimkasirikie, nilimbana mimi. Mchana unalala, usiku kucha u macho. Huko si kuwa sawa, mwanangu.

Unakula? Tangu waondoe makato ya kutuma pesa chini ya shilingi 1,000, nakutumia mia mbili, mia tatu za chakula, nawe unanunulia bando. Masomo siyakatai. Wewe ndiwe wa kwanza nyumba hii kufika chuo kikuu, hata fundi wa paa hunisalimu kwa kuuliza, "Injinia hajambo?" Lakini nunua unga kwanza. Na utoke humo chumbani unamosoma, unamopika na unamolala. Kafyu ni saa moja usiku, mchana wote ni wako. Vaa barakoa, nenda kwa muuza mboga, usalimiane na mtu uso kwa uso.

Siku ile uliponiambia kichwa kimejaa, nami nikakwambia uswali na uache uvivu, mafuta yalikuwa yamechemka na mahamri yanaungua. Mahamri yenyewe niliyatupa. Lile neno la uvivu nimekaa nalo mfungo mzima.

Redioni wametaja namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haikati salio. Anapokea mtu aliyefunzwa kusikiliza. Kama kuna jambo huwezi kuniambia mimi, mwambie yeye. Na mwalimu wako mwandikie kwamba umelemewa, usimwambie mtandao ulikatika. Shangazi yako anasema ni jicho, mwache aseme. Mimi sioni aibu, ila nataka kujua. Uko sawa vipi, na Idd nimepiga mara nne hukupokea?

Huku biashara imelala. Kafyu inaisha saa kumi na moja alfajiri, nikifika stendi na beseni langu kumeshapambazuka, na magari yenyewe hayaendi mbali. Makuti ya upande wa jikoni yanavuja, nimetega sufuria ile kubwa. Kuku wako mweusi ametotoa saba, mwewe kachukua wawili. Baba yako anakusalimu, kanzu yako ya Idd ameikunja mwenyewe akaitia sandukuni.

Simu sasa nalala nayo kando ya mto, sauti juu. Piga hata saa nane usiku, kama ndiyo saa unayokuwa macho. Ukikosa salio, bipu, nitapiga mimi.

Mamako